Seva ya barua pepe inakataa printa na programu ya mishahara: "Relay access denied". Wakuu naombeni msaada

Msimamizi_Iringa

Wakuu habari zenu. Leo ni siku ya tatu sina raha, naombeni msaada.

Natunza seva ya barua pepe ya chama cha akiba na mikopo hapa Iringa. Ni Ubuntu 22.04, Postfix (inayopokea na kutuma barua) pamoja na Dovecot (inayowafungulia watu visanduku vyao). Niliikuta tayari inafanya kazi, fundi aliyekuwepo alihama. Mimi ni mtu wa nyaya na ruta, mambo ya barua pepe nimejifunzia hapahapa kazini kwa kubahatisha.

Jumatatu tuliongeza domeini ya pili. Nikafungua main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, kwa nano, nikaongeza jina kwenye mydestination (orodha ya domeini ambazo seva inazipokelea barua), na kwa kuwa faili lilikuwa limejaa komenti za miaka na miaka nikalifanyia usafi kidogo. Nikahifadhi, nikapiga `systemctl reload postfix`. Kimya, hakuna kosa. Nikajitumia barua kutoka Gmail kwenye domeini zote mbili, zikaingia. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne saa mbili kasoro mhasibu ananipigia: skana imegoma. Printa ya koridoni huwa inatuma nyaraka moja kwa moja kwenye barua pepe ya mkaguzi, ambayo ni Gmail. Sasa haitumi. Mchana programu ya mishahara nayo ikashindwa kutuma hati za malipo kwa wafanyakazi wanaotumia barua pepe zao binafsi. Kwenye mail.log naona hivi, yaani seva inakataa kuipitisha barua kwenda nje:

```
postfix/smtpd[21874]: NOQUEUE: reject: RCPT from unknown[192.168.1.50]: 454 4.7.1 <mkaguzi@...>: Relay access denied; from=<skana@ushirika.example>
```

Cha ajabu, printa ileile ikituma kwa anwani ya ofisini barua inafika. Ikituma nje ndiyo inakataliwa. Na wafanyakazi kwenye kompyuta na simu zao wanatuma nje bila shida yoyote.

Hii hapa sehemu ya main.cf (domeini nimebadilisha):

```
myhostname = barua.ushirika.example
mydestination = $myhostname, localhost, ushirika.example, mikopo.example
# mitandao inayoaminika
mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24
relayhost =
inet_interfaces = all
inet_protocols = ipv4
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks permit_sasl_authenticated defer_unauth_destination
```

Mnaona wenyewe, 192.168.1.0/24, yaani mtandao wote wa ofisi, ipo pale. Printa ni 192.168.1.50. Kwa nini inakataliwa?

---

mtu_wa_chuga

Mkuu, usiumize kichwa. Weka `mynetworks = 0.0.0.0/0`, pakia upya, maisha yaendelee. Mimi niliwahi kupata hiyo shida, nikaweka hivyo ikakubali saa hiyohiyo.

---

Mzee_wa_Foleni

Msimamizi, mwanangu, kabla hujafanya lolote: usifuate ushauri wa hapo juu. Narudia, usifuate.

0.0.0.0/0 maana yake kila mashine duniani inaaminika kutumia seva yako kupeleka barua popote bila nywila. Wapo watu ambao kazi yao usiku na mchana ni kugonga poti 25 (ndiyo seva hupokelea barua) za dunia nzima wakitafuta mlango wa namna hiyo. Wakiupata, seva yako inageuka punda wa kubebea taka zao. IP yako inaingia kwenye orodha za watuma taka, za Spamhaus na nyinginezo, na kujitoa huko ni kazi ya siku kadhaa, huku barua halali za chama zikirudishwa.

Yalinikuta, sisimulii ya kuambiwa. Niliacha mlango wazi Ijumaa jioni kwa ajili ya "jaribio dogo", Jumamosi asubuhi `mailq`, amri ya kuonyesha foleni ya barua, inamwaga kurasa hazina mwisho. Kijana wa chuga, kama seva yako bado ipo hivyo, nenda kaifunge sasa hivi halafu urudi tuendelee kuongea.

---

mtu_wa_chuga

Duh. Shikamoo mzee. Ilikuwa ya majaribio tu lakini naenda kuangalia.

---

dada_wa_seva

Marahaba kwa niaba yake, ameshaondoka kwa hasira 😄

Kaka Msimamizi, umeeleza vizuri, na dalili zako zinatosha kubana mahali tatizo lilipo. Printa ikituma ofisini inapita kwa sababu seva inapokea barua ya domeini yake kutoka kwa yeyote, ndiyo kazi yake. Wafanyakazi wanapita kwa sababu wanaingia kwa nywila, nadhani poti 587, hiyo ni `permit_sasl_authenticated`. Printa na programu ya mishahara hazina nywila, zinategemea `permit_mynetworks` peke yake. Kwa hiyo iliyovunjika ni mynetworks. Vingine vyote acha kama vilivyo.

Unasema mstari upo kwenye faili. Sawa. Lakini macho yako yanasoma kivyake, na Postfix inasoma kivyake. Tupe majibu ya amri hizi mbili:

```
postconf mynetworks
postconf -n
```

Ya kwanza inaonyesha thamani ambayo Postfix inaitumia. Ya pili inatoa vigezo vilivyowekwa kwenye main.cf kama ilivyovielewa yenyewe. Mimi mtu akinipa main.cf huwa naiweka kando, naomba `postconf -n`.

---

kibe_pwani

Sasa wenzangu. Mimi niko Mombasa, na `postfix check` imewahi kunisaidia mara nyingi. Umeijaribu, ndugu?

---

Msimamizi_Iringa

@kibe_pwani nimeijaribu, haisemi kitu. Halafu `systemctl status postfix` inaandika `active (exited)`, nikapata wasiwasi kwamba labda haifanyi kazi kabisa.

@dada_wa_seva asante dada, ngoja nifike ofisini. Ruta ya nyumbani hainiruhusu kuingia.

---

Mzee_wa_Foleni

Hiyo `active (exited)` isikutishe. Kwenye Ubuntu yako huduma inayoitwa postfix ni kifuniko tu: inawasha kisha inaondoka. Mwenye kazi ni `postfix@-`. Andika `systemctl status postfix@-` utaiona iko hai.

Na `postfix check`, kibe, inakagua umiliki wa mafaili na majalada, ruhusa, na vitu vya namna hiyo. Haiulizi kama ulichoandika kina maana. Ukiiambia seva yako iko mwezini, `postfix check` itakaa kimya.

---

Msimamizi_Iringa

Nimefika. Haya hapa majibu:

```
$ postconf mynetworks
mynetworks = 127.0.0.1/32 192.168.1.5/32

$ postconf -n
compatibility_level = 3.6
inet_interfaces = all
inet_protocols = ipv4
mydestination = $myhostname, localhost, ushirika.example, mikopo.example mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24
myhostname = barua.ushirika.example
relayhost =
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks permit_sasl_authenticated defer_unauth_destination
```

192.168.1.5 ni seva yenyewe. Sijawahi kuandika hiyo namba mahali popote kwenye lile faili!

---

dada_wa_seva

Hapo hapo. Soma mstari wa mydestination polepole mpaka mwisho wake.

---

Msimamizi_Iringa

...mikopo.example mynetworks = 127.0.0.0/8...

Mungu wangu. Imeunganishwa. Lakini kwenye faili ni mistari miwili tofauti, na katikati kuna komenti! Naiangalia hapa kwa macho yangu.

---

dada_wa_seva

Piga hii:

```
grep -n '^[[:space:]]' /etc/postfix/main.cf
```

Inatoa kila mstari unaoanza na nafasi au tabo.

---

Msimamizi_Iringa

```
15: mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.0/24
```

Kuna nafasi moja mbele ya mynetworks. MOJA. Siku tatu.

---

dada_wa_seva

Nafasi moja inatosha 😄

Kwenye main.cf, mstari unaoanza na nafasi au tabo unahesabiwa kuwa ni mwendelezo wa mstari uliotangulia. Ndiyo njia ya kuandika kigezo kirefu kwenye mistari kadhaa. Na komenti iliyo katikati haikati huo mwendelezo, inarukwa tu kama vile haipo, sawa na mstari mtupu. Kwa hiyo Postfix ilisoma mydestination, ikaruka komenti yako, ikakuta mstari wenye nafasi mbele, ikauchukua wote ikaubandika mkiani mwa mydestination. Neno "mynetworks", alama ya "=", na zile namba za IP vyote vikawa "domeini" unazozipokelea barua. Hakuna atakayekuandikia barua kwenye domeini inayoitwa "=", kwa hiyo hakuna kilichovunjika upande huo, na kimya kikatawala.

Ungekosea herufi, ukaandika `mynetwork` bila s mwanzoni mwa mstari, `postconf -n` ingelalamika kuwa kuna kigezo kisichotumika. Hapa haikuwa na cha kulalamikia. mynetworks halikuwa jina la kigezo tena, lilikuwa neno ndani ya thamani ya kigezo kingine.

Na 192.168.1.5 ilitoka hapa: mynetworks isipowekwa, Postfix inajijazia yenyewe. Tangu toleo la 3.0 inajiamini yenyewe tu, yaani anwani za mashine ileile. Zamani ilikuwa inaamini mtandao mzima ulioungwa nao. Kwenye seva ya enzi zile printa yako ingeendelea kutuma kama kawaida na hilo kosa ungekuja kuligundua baada ya miaka.

Mwisho, kwa nini hatukuliona hapa: ulipobandika main.cf kwenye uzi, ile nafasi ya mbele ilipotea. Tulikuwa tunatazama faili lenye afya kuliko lako.

---

Mzee_wa_Foleni

Umemfundisha vizuri binti. Niongeze kidogo kwa wanaopenda historia: desturi hiyo si ya Postfix peke yake. Vichwa vya barua pepe vyenyewe vinaandikwa hivyo angalau tangu RFC 822, waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 1982. Fungua chanzo cha barua yoyote, tazama mistari ya Received: mstari wa pili na wa tatu imesogezwa ndani, maana ni mwendelezo. Wietse Venema, aliyeandika Postfix akiwa IBM, alikuwa anaandika programu ya barua, kwa hiyo mimi sishangai.

Na una bahati, Msimamizi. Kwenye faili linalokuja na Ubuntu, `relayhost` (seva ya kati ya kupitishia barua za nje) hukaa kabla ya mynetworks. Yaelekea fundi wako wa zamani alilipanga upya. Kama relayhost ndiyo ingemeza ule mstari, barua zote za kwenda nje zingetafuta njia kupitia mashine isiyokuwepo, za wafanyakazi na za meneja. Ungepigiwa simu na ofisi nzima.

---

Msimamizi_Iringa

Wazee wangu, nimefuta ile nafasi, nikapakia upya, nikaenda mwenyewe koridoni nikaweka karatasi kwenye printa:

```
postfix/smtp[22310]: to=<mkaguzi@...>, ... status=sent (250 2.0.0 OK ...)
```

Nafasi ilitoka wapi? Nimekumbuka. Wakati wa usafi niliufuta ule mstari kwa bahati mbaya, nikaogopa, nikaenda kuunakili kwenye ujumbe wa WhatsApp ambao fundi wa zamani alinitumia wakati wa makabidhiano. Nilipouchagua kwa kidole nikabeba na nafasi iliyokuwa mbele yake.

---

dada_wa_seva

Hongera kaka. Sasa, kabla hujafunga faili, nina ugomvi kidogo na hiyo `192.168.1.0/24`.

Wageni wakija ofisini wanaingia kwenye wifi gani?

---

Msimamizi_Iringa

Hiyohiyo 😬 Ruta ni moja.

---

dada_wa_seva

Basi mgeni yeyote mwenye kompyuta iliyoambukizwa anaweza kumwaga taka kupitia seva yako bila nywila, kwa jina la chama. Ni 0.0.0.0/0 ya kimya kimya, ila imefungiwa ndani ya ukuta wa ofisi. Taja mashine mbili tu (/32 ni mashine moja peke yake):

```
postconf -e 'mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.1.50/32 192.168.1.21/32'
```

21 nimekisia, weka ya mashine ya mishahara. Ukitumia `postconf -e` inakuandikia kwenye faili yenyewe, hakuna nafasi ya kuteleza mbele. Na kwenye ruta zifungie hizo mashine anwani zao zisibadilike, la sivyo siku umeme ukikatika na kurudi printa itaamka na namba nyingine na wewe utaanzisha uzi mwingine.

---

kibe_pwani

Swali, dada. Si ingekuwa bora printa ipewe akaunti yake na nywila, ipitie 587 kama watu wengine? Mynetworks ibaki 127.0.0.0/8 peke yake.

---

dada_wa_seva

Ingekuwa bora, na programu ya mishahara nashauri iende huko moja kwa moja. Printa ndiyo tatizo. Nyingi za ofisini ni za zamani, zinajua TLS 1.0 tu (toleo la zamani la usimbaji wa mawasiliano), na OpenSSL, programu ya usimbaji, ya Ubuntu 22.04 kwa mipangilio inayokuja nayo haikubali tena TLS 1.0. Utaweka akaunti, printa itasema "imeshindwa" bila kueleza kwa nini, na utarudi kulegeza usalama wa seva nzima kwa ajili ya printa moja. Mimi naona afadhali kumwamini mzee mmoja wa koridoni kwa anwani yake. Kama printa ni mpya na inajua TLS 1.2, fuata ya kibe.

---

Mzee_wa_Foleni

Hapo tunatofautiana kidogo, mimi ningeitenga printa kwenye mtandao wake. Lakini kwa ofisi yenye ruta moja nakubali, ushauri wa binti unatosha.

---

nyuzi_za_kahama

Jamani samahani kwa kudandia. Nimesoma uzi huu nikaenda kubana mynetworks yangu. Sasa kwenye logi napata:

```
warning: non-null host address bits in "192.168.8.30/24", perhaps you should use "192.168.8.0/24" instead
```

Nimeandika hivi: `mynetworks = 127.0.0.0/8 192.168.8.30/24 # printa ya stoo`

---

dada_wa_seva

Una makosa mawili kwenye mstari mmoja, hongera 😄

La kwanza ndilo hilo inalokuambia: /24 ni mtandao mzima, wewe umeandika mashine moja. Usifuate pendekezo lake, kwa sababu litakufungulia mtandao wote. Inakisia tu ulichotaka. Andika `192.168.8.30/32`.

La pili ni hiyo komenti. Kwenye main.cf alama ya # ni komenti ikiwa mwanzoni mwa mstari. Ikija baada ya thamani inakuwa sehemu ya thamani, kwa hiyo "#", "printa", "ya" na "stoo" vyote sasa ni wanachama wa mynetworks. Hamishia komenti kwenye mstari wake, juu. Na isiwe na nafasi… hapana, komenti hata ikiwa na nafasi mbele haidhuru. Kinachofuata chini yake ndicho kisiwe nayo.

---

nyuzi_za_kahama

Imekubali. Ubarikiwe dada.

---

Msimamizi_Iringa

Nimebana kwa anwani mbili kama ulivyosema. Printa inatuma, mishahara inatuma, kompyuta yangu isiyo na nywila inakataliwa (nimeijaribu kwa makusudi, nikafurahi kukataliwa).

Jambo jingine nimeliona sasa kwenye logi, sijui ni la leo au lilikuwepo siku zote:

```
opendkim[901]: ... external host [192.168.1.50] attempted to send as ushirika.example
```

---

Mzee_wa_Foleni

Lilikuwepo siku zote, hukuwa unasoma logi. OpenDKIM, programu inayozitia barua zenu saini ya kidijitali (DKIM), ina orodha yake ya wenyeji, inaitwa InternalHosts, na usipoiweka inamtambua 127.0.0.1 peke yake. Haisomi mynetworks ya Postfix. Kwake yeye printa ni mtu wa nje anayejifanya wa ndani, kwa hiyo barua zake hazisainiwi. Zinapita kwa sababu rekodi yenu ya SPF, orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini, inaitambua IP ya seva. Mkaguzi akiwa na mpango wa kuzielekeza barua kwenye anwani nyingine, SPF inakatikia njiani, na saini ndiyo ingemwokoa.

Tengeneza faili la maandishi, weka 127.0.0.1, 192.168.1.50 na ile ya mishahara, kila moja na mstari wake. Kwenye opendkim.conf elekeza InternalHosts kwenye faili hilo, na ExternalIgnoreList pia. Washa opendkim upya. Kisha tuma kitu Gmail kutoka kwenye printa, fungua "onyesha asili" ya barua, tafuta `dkim=pass`.

Na kabla ya kugusa, `cp` kwanza, uwe na nakala. Ungekuwa na nakala ya main.cf ya Jumapili, `diff`, amri ya kulinganisha mafaili, ingekuonyesha ile nafasi kwa sekunde moja.

---

Msimamizi_Iringa

dkim=pass, mzee. Nakala ipo pia, nimeipa tarehe ya leo.

Swali la mwisho ni la mhasibu, yuko hapa pembeni yangu. Anauliza zile kurasa 41 alizoskani Jumanne zipo wapi, zitafika zenyewe?

---

Mzee_wa_Foleni

Barua iliyoandikwa NOQUEUE haikuingia kwenye foleni, seva haijawahi kuishika. Ile 454 ni ya kuambiwa "jaribu baadaye", na seva nyingine ingejaribu. Printa haijui kusubiri, ikikataliwa inatupa.

---

Msimamizi_Iringa

Nimemwambia. Amechukua karatasi zake, anaelekea koridoni, hajanisemesha.

---

mtu_wa_chuga

Nimerudi. Ilikuwa wazi. Nimeifunga, lakini foleni imejaa barua za Kirusi, na sijui hata moja inasema nini. Wakuu, naanzisha uzi mwingine au niulize hapahapa?

---

Mzee_wa_Foleni

Anzisha mwingine, mwanangu. Na uje na `postconf -n`.